Fallout kuanzia ya 1997 hadi 76: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayojirudia kila mtu anapotaka kuingia kwenye Fallout, au anapomaliza gemu moja na kujiuliza aende ipi. Yanaanza na ya mgeni kabisa na kuishia kwa yale ya waliokwisha kuzama. Pale ambapo jibu linafichua mwisho wa hadithi, tahadhari imewekwa mwanzoni mwa jibu lenyewe.

## Kwa anayeanza

Fallout ni gemu ya namna gani?

Ni gemu ya kuigiza uhusika. Unamuumba mtu wako, unampa uwezo na udhaifu wake, kisha unamtoa nje katika Marekani iliyoteketezwa kwa mabomu ya nyuklia. Kwa kalenda ya gemu, vita hivyo vilitokea tarehe 23 Oktoba 2077 na vilikwisha kwa muda wa saa mbili hivi. Kuna waliojificha katika mahandaki ya kampuni ya Vault-Tec, na kuna waliobaki juu, wakaungua, wakageuka viumbe vingine, au wakajifunza kuishi hivyo hivyo kwenye vumbi.

Mtu wako ana sifa saba: nguvu, utambuzi, ustahimilivu, mvuto, akili, wepesi na bahati. Mfumo huo unaitwa SPECIAL na umo katika gemu zote kuu. Sifa hizo hazikuwekwa kwa ajili ya kupigana peke yake, na hapo ndipo utamu wa Fallout ulipo. Katika Fallout 2, ukimpa mtu wako akili ya chini kabisa, hawezi kuunga sentensi. Watu wanamfukuza na misheni nyingi zinamfungia milango. Lakini akifika mji wa Klamath akakutana na Torr, kijana mzito wa akili anayechunga ng'ombe, wawili hao wanaanza kuzungumza kwa lugha fasaha kama maprofesa. Mchezaji mwenye akili nyingi hatayaona mazungumzo hayo kamwe. Mtu alikaa akayaandika kwa ajili ya wachezaji wachache tu watakaothubutu kucheza hivyo.

Swali la kuuliza kwa kila gemu ya Fallout ni hilo hilo: ukiamua jambo, dunia inakujibu au inakupuuza? Majibu mengi hapa chini yanapima kwa kipimo hicho, hata pale grafiki zinaposema vingine.

Ziko ngapi, na hadithi zake zinatokea lini?

Gemu kuu ni sita. Fallout ilitoka 1997 na hadithi yake ni ya mwaka 2161, kusini mwa California. Fallout 2 ikafuata 1998, ikisimulia mwaka 2241 upande wa kaskazini wa jimbo hilo. Baada ya kimya cha miaka kumi ikaja Fallout 3, 2008, katika magofu ya Washington mwaka 2277. New Vegas ya 2010 iko jangwa la Mojave mwaka 2281. Fallout 4 ya 2015 iko Boston mwaka 2287. Fallout 76 ya 2018 inarudi nyuma hadi 2102, huko West Virginia, miaka 25 tu baada ya mabomu.

Pembeni kuna Fallout Tactics ya 2001, Fallout: Brotherhood of Steel ya 2004, na Fallout Shelter ya simu ya 2015.

Ni lazima nizicheze kwa mpangilio?

Hapana. Kila gemu ina mhusika mpya, mahali papya na jambo lake. Unaweza kuanza na Fallout 4 usipotee.

Ila kuna uzi mmoja unaostahili kufuatwa kwa mpangilio: ya kwanza, ya pili, kisha New Vegas. Katika ya kwanza unapita Shady Sands, kijiji kidogo cha wakulima wenye nyumba za udongo, ambacho ukikisaidia dhidi ya nge wakubwa wanakushukuru kama ndugu. Katika ya pili kijiji hicho kimekuwa mji mkuu wa jamhuri ya NCR, wenye bunge, polisi na vibali vya kuingia. Ukifika New Vegas, jamhuri hiyo imekuwa dola yenye jeshi lililotawanyika mno, kodi nzito, na askari vijana wanaolinda bwawa la Hoover wakiwa mbali na kwao. Umeona taifa likizaliwa, likikua na kuanza kuchoka. Sijui mfululizo mwingine wa gemu uliofanya hivyo kwa uvumilivu wa namna hii.

Mbona mwaka 2077 unafanana na miaka ya 1950?

Kwa makusudi. Waandishi walibuni historia ambayo, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, haikufuata njia yetu. Nguvu za nyuklia ziliingia kwenye magari na kwenye maroboti ya jikoni, lakini kompyuta zilibaki na skrini za maandishi ya kijani, na mavazi, matangazo na muziki vikaendelea kuwa vile Marekani ilivyokuwa ikiota wakati wa Vita Baridi. Ndoto hiyo ndiyo iliyolipuka.

Kwa msomaji wa Katanga habari za atomu haziko mbali: sehemu kubwa ya uraniamu ya mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, huko huko Katanga.

Nani anazitengeneza? Mbona mashabiki wanagombana?

Ya kwanza ilitengenezwa na kampuni ya Interplay, kazi ikiongozwa na Tim Cain. Walitaka kurithi roho ya Wasteland, gemu yao ya 1988. Ya pili ilitolewa chini ya Black Isle, kitengo cha Interplay kilichofungwa Desemba 2003 wakati Fallout ya tatu ya kwao, iliyokuwa ikiitwa Van Buren, ikiwa bado jikoni. Bethesda walipata leseni 2004, na 2007 wakainunua Fallout yote kwa dola milioni 5.75. Wao ndio waliotoa Fallout 3, 4 na 76. New Vegas waliwapa Obsidian, kampuni iliyoanzishwa na watu waliotoka Black Isle. Tangu 2021 Bethesda iko chini ya Microsoft.

Ugomvi unatoka hapo. Kuna Fallout ya waliokulia kwenye gemu za zamani, yenye siasa na mazungumzo mengi, na kuna Fallout ya Bethesda, ambayo nguvu yake ni kutembea na kugundua. Zote mbili ni halali. Anayekwambia kwamba Fallout 3 si Fallout hajawahi kusimama kwenye mlango wa Vault 101, macho yakizoea jua, akaona Washington imelala chini yake.

## Kuchagua pa kuanzia

Nianze na ipi?

Kama hujawahi kucheza gemu za namna hii, anza na Fallout 4. Upigaji wake ni laini, inaeleweka haraka, na haitakuadhibu kwa kukosea kugawa pointi. Kama unapenda hadithi na unavumilia sura iliyozeeka, nenda moja kwa moja New Vegas. Usianze na 76 ukidhani ndiyo mpya basi ndiyo bora; ni gemu ya mtandaoni yenye tabia zake (tazama swali lake chini).

Laptopu yangu ni ya zamani. Nitaweza ipi?

Fallout ya kwanza iliandikwa kwa kompyuta za Windows 95 zenye RAM ya MB 16, kwa hiyo laptopu yoyote ya leo inaibeba pamoja na ya pili. Hata bando lako halitaumia. New Vegas inadai RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 10. Fallout 4 inataka RAM ya GB 8, GB 30 za diski na kadi ya grafiki ya kweli. Laptopu ya ofisini itakohoa. Fallout 76 inazidi GB 60 na haichezeki bila intaneti ya kutulia.

Jambo moja kuhusu Fallout 3 kwenye kompyuta: nakala za zamani zilidai huduma ya Games for Windows Live, ambayo Microsoft walikwisha kuitelekeza, na watu wengi walikwama hapo. Oktoba 2021 toleo la Steam, duka la gemu la mtandaoni, liliondolewa sharti hilo. Ukipewa nakala ya zamani na rafiki ikagoma kufunguka, huenda tatizo ndilo hilo.

Nina simu tu.

Fallout Shelter ni ya bure, iko Android na iPhone. Wewe ni msimamizi wa handaki: unachimba vyumba, unapanga watu kazini, unahakikisha umeme, maji na chakula. Ni tamu kwa dakika kumi kumi, lakini haina hadithi ya kulinganisha na hizi nyingine.

Kiingereza changu ni cha kawaida. Nitaelewa?

Hakuna Fallout yenye Kiswahili. Ya kwanza na ya pili ni kusoma kwa wingi, na mara nyingi hakuna sauti, ila zinakungoja: hakuna anayekuharakisha katikati ya mazungumzo. New Vegas ina maneno mengi mno, lakini karibu yote yanasemwa kwa sauti na maandishi yakiwa chini. Fallout 4 ndiyo nyepesi zaidi kwa lugha. Ushauri wangu ni kuwasha maandishi siku ya kwanza na kuyaacha humo.

Zinafaa kwa watoto?

Gemu kuu zote kuanzia Fallout 3 zina alama ya PEGI 18, yaani ya watu wazima tu, na zinaistahili: viungo vinakatika, dawa za kulevya zinatumika, utumwa upo. Fallout 2 ina ukahaba na mauaji ya kukodiwa bila kificho. Shelter haina shida hiyo kwa kiasi kikubwa.

## Kuzilinganisha

Upiganaji unatofautianaje?

Gemu mbili za kwanza unazitazama kutoka juu, na mnapigana kwa zamu: una pointi za kutumia, kila hatua na kila risasi ina bei yake, kisha unamwachia adui zamu yake. Unaweza kulenga jicho, mguu au mkono. Kukosa shabaha ukiwa umesimama hatua moja kutoka kwa panya ni jambo la kawaida mwanzoni, na linauma.

Kuanzia Fallout 3 unaona kwa macho ya mhusika na kupiga moja kwa moja. Mfumo wa V.A.T.S. ulibaki kama ukumbusho wa zamu zile: unasimamisha muda, unaona asilimia ya kupata kichwa au bega, unachagua. Katika 4 muda hausimami tena, unapungua mwendo tu. Katika 76 hausimami hata kidogo, kwa sababu kuna wachezaji wengine.

Kwa upigaji mtupu, 4 ndiyo bora. Silaha za Fallout 3 zinahisi nyepesi. New Vegas iliongeza kulenga kwa jicho kupitia shabaha ya bunduki na aina nyingi za risasi, ila bado ni mwili ule ule wa Fallout 3.

Fallout 3 au New Vegas? Hazifanani?

Zinafanana kwa sura, zinatofautiana kwa moyo. Fallout 3 inakuambia: nenda popote. Ukitoka handakini unaweza kugeukia upande wowote na utakuta kitu cha kusisimua, kituo cha treni ya chini ya ardhi kilichojaa ghouls (watu walioharibiwa na mionzi), au meli ya kivita iliyogeuzwa kuwa mji. Hadithi yake kuu, ya kumtafuta baba na kusafisha maji, inatosha kukusukuma mbele.

New Vegas inakuambia: chagua upande, kisha uishi nao. Unaanza ukiwa umepigwa risasi ya kichwa na kufukiwa; ukitoka kijiji cha Goodsprings unaziona taa za Vegas upande wa kaskazini, karibu kabisa. Ukiifuata njia hiyo, wanyama wakali wa machimbo ya Quarry Junction wanakurarua. Basi unazunguka kusini, kupitia Primm, Nipton na Novac, na njiani unafundishwa siasa yote ya jangwa kabla hujakutana na wenye madaraka. Nipton unakuta mji unaungua, watu wametundikwa kwenye misalaba, na mtu aliyevaa ngozi ya mbwa kichwani anakueleza kwa sauti tulivu kwa nini amefanya hivyo. Tangu hapo jeshi lake, Caesar's Legion, si jina tu kwako.

Tazama pia mazungumzo. Fallout 3 inakupa asilimia: una nafasi 46 kwa mia ya kumshawishi huyu. Unasevu, unajaribu, ukikosa unarudia. New Vegas inataka kiwango: ujuzi wako ni 35, hapa panahitaji 50, na ukilazimisha utaona mtu wako akisema upuuzi mbele ya watu. Kwa hiyo kile ulichojifunza saa tano zilizopita kina uzito sasa. Halafu uchaguzi mdogo unarudi mwishoni: nani alikuwa sherifu wa Primm, roboti, mfungwa wa zamani au jeshi la NCR? Filamu ya kufunga gemu inakusomea yaliyoupata mji huo kwa sababu yako.

Obsidian waliitengeneza kwa takriban miezi 18, na ilitoka ikiwa na hitilafu nyingi. Chris Avellone, mmoja wa waanzilishi wa Obsidian, alieleza hadharani kwamba bonasi yao ilitegemea wastani wa alama 85 kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki. Wakapata 84. Leo ndiyo gemu inayotajwa kwanza watu wanapoulizana Fallout bora ni ipi, na mimi niko upande huo bila kusita.

Fallout 4 ni mbaya kama wanavyosema?

Si mbaya. Ni gemu nzuri iliyopunguza kitu ambacho wengi wetu tulikipenda zaidi. Mazungumzo yalibanwa kuwa majibu manne, yakiandikwa kwa neno moja au mawili, na mara nyingi matatu kati yake yanakufikisha pale pale. Mhusika ana sauti yake, ana ndoa, ana mtoto aliyeibwa. Kwa hiyo umepewa mtu aliyekwisha kuandikwa badala ya kumuumba wako. Ujuzi wa namba uliondolewa, ukabaki ubao wa vipawa.

Ilichoongeza nacho si kidogo. Kila kopo, kila feni mbovu unayookota ina matumizi: unaivunja, unapata skrubu na shaba, unajenga makazi, unarekebisha bunduki. Takataka za dunia iliyokufa zimepata maana kwa mara ya kwanza. Deraya la chuma, ambalo katika gemu za awali lilikuwa nguo nzito tu, limekuwa mashine unayoingia kwa nyuma na kuilisha betri ya nyuklia. Na mpelelezi Nick Valentine, mtu wa bandia mwenye kumbukumbu za askari aliyekufa zamani, ni mmoja wa wenzi bora wa safari katika mfululizo mzima.

Fallout 76 imetengemaa?

Ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Ilipotoka Novemba 2018 haikuwa na binadamu hata mmoja wa kuzungumza naye zaidi ya wachezaji wenzako. Hadithi ilikuwa kwenye kanda za sauti, barua na maroboti. Hitilafu zilikuwa nyingi na hasira za watu zilikuwa za haki. Aprili 2020 nyongeza ya bure ya Wastelanders ikaleta wakazi, vikundi na mazungumzo. Tangu hapo imeendelea kukua, na jamii yake ina sifa ya ukarimu: mgeni hupewa dawa na silaha na watu asiowajua.

Ramani yake ndiyo ninayoipenda kuliko zote za Bethesda, kwa sababu imezama katika West Virginia halisi. Mothman na jitu la Flatwoods ni visa vya wenyeji wa huko. Hoteli ya Whitespring inaiga The Greenbrier, ambako kweli kulikuwa na handaki la siri la kulificha Bunge la Marekani wakati wa Vita Baridi, lililofichuliwa na gazeti mwaka 1992.

Lakini kwa kipimo cha maamuzi, 76 ni dhaifu. Seva moja ina wachezaji 24, na dunia haiwezi kubadilika kwa ajili ya mmoja wao. Mnaweza kukusanya misimbo na kurusha kombora la nyuklia. Baada ya muda eneo linarudi kama lilivyokuwa. Usajili wa kulipia, Fallout 1st, si lazima.

Nyongeza zipi zinastahili pesa?

Ukinunua toleo kamili wakati wa punguzo, zinakuja zote na swali linakwisha. Ukichagua moja moja: kwa Fallout 3 chukua Broken Steel, sababu iko kwenye swali la mwisho wa gemu hiyo. Point Lookout nayo ni nzuri. Kwa New Vegas chukua zote nne, kwa mpangilio huu: Dead Money, Honest Hearts, Old World Blues, Lonesome Road, zinaunda hadithi moja iliyofichwa. Kwa Fallout 4 ni Far Harbor. Humo kuna mazungumzo yaliyopewa nafasi tena, na DiMA anakuuliza swali rahisi kuhusu kumbukumbu yako ya kwanza kabisa, ukabaki umeduwaa mbele ya skrini.

## Kwa waliozama

Ni kweli Fallout ya kwanza ina kikomo cha siku?

Kweli. Handaki lako, Vault 13, limeharibikiwa kifaa cha kusafishia maji, nawe una siku 150 za kuleta kingine. Unaweza kuwalipa wachuuzi wa maji wa mji wa Hub wapeleke maji nyumbani, ukapata siku 100 zaidi. Katika toleo la awali kulikuwa na saa ya pili: majeshi ya mutanti, watu waliogeuzwa kuwa majitu, yangelifikia handaki baada ya siku 500, na kama uliwatuma wachuuzi, siku zilipungua hadi 400, kwa sababu msafara wa maji ulionyesha njia. Marekebisho ya baadaye yaliiondoa saa hiyo, ikabaki miaka 13 ambayo hutaimaliza.

Usiogope siku 150. Zinatosha, na zinafanya kila safari kwenye ramani iwe uamuzi.

Naweza kumaliza bila kuua?

Tahadhari: jibu hili linafichua mwisho wa ya kwanza. Ndiyo, inawezekana. The Master, adui mkuu na kiongozi wa mutanti, anaamini hao ndio watu wa kesho. Ukiwa na ushahidi wa utafiti wa Vree, mtafiti wa Brotherhood of Steel (kundi la kijeshi linalokusanya teknolojia ya kale), kwamba mutanti hawazai, na ukiwa na ulimi wa kutosha, unamwonyesha. Anaelewa kwamba yote aliyoyatenda yalikuwa bure, anakuomba uondoke ukiwa bado na matumaini, na anajiangamiza. Ni nadra adui mkuu katika Fallout kushindwa kwa hoja na kukiri hivyo. New Vegas inakaribia: Legate Lanius, kamanda wa Legion, unaweza kumgeuza kwa maneno akarudi alikotoka.

Katika ya pili Frank Horrigan, adui wa mwisho, hana masikio, lazima afe. Fallout 3 na 4 hazikuandaliwa kwa mchezaji asiyeua kabisa.

Mbona watu wanasema mwisho wa Fallout 3 ulibadilishwa?

Tahadhari tena. Mwishoni mtu lazima aingie kwenye chumba chenye mionzi ya kuua. Unaweza kuwa na Fawkes kando yako, mutanti ambaye mionzi haimdhuru na ambaye alikwisha kuingia mahali pa namna hiyo kwa ajili yako. Katika toleo la kwanza, ukimwomba aingie, anakataa kwa kusema hiyo ni hatima yako. Wachezaji walighadhibika, na haki walikuwa nayo. Broken Steel ya 2009 ilimruhusu aingie, ikakuacha hai uendelee kucheza, na ikapandisha kikomo cha leveli kutoka 20 hadi 30. Hata hivyo msimulizi bado anakushutumu kwa kumtuma mwingine.

Vizibo vya chupa ni fedha katika gemu zote?

Karibu zote. Katika ya kwanza vizibo vilikuwa na thamani kwa sababu wafanyabiashara wa Hub waliviunga mkono kwa maji. Katika ya pili vimekufa, na watu wanatumia dola ya NCR yenye dhahabu nyuma yake. New Vegas inaeleza kilichofuata: Brotherhood waliharibu akiba ya dhahabu, noti zikaporomoka, na wachuuzi wa Hub wakavirudisha vizibo. Ndiyo maana mfukoni Mojave unakuwa na vizibo, noti za NCR, na sarafu za Legion za fedha na dhahabu. Kwingineko, Bethesda walivitumia tu.

Handaki gani nisilikose?

Vault 11, New Vegas. Ingia bila kusoma chochote, na usipite mabango ya uchaguzi yaliyobandikwa ukutani bila kuyasoma moja moja.

Tamthilia ya Amazon inahesabika?

Ndiyo. Msimu wa kwanza ulitoka Aprili 2024, unatokea Los Angeles mwaka 2296, baada ya gemu zote, na Bethesda wanauchukua kuwa sehemu ya historia rasmi. Zogo lilizuka kwa ubao mmoja wa darasani ulioandika kuanguka kwa Shady Sands mwaka 2277, wakati New Vegas ya 2281 inaonyesha NCR bado iko hai. Todd Howard wa Bethesda alifafanua kwamba bomu lilidondoka baada tu ya matukio ya New Vegas. Kwenye ubao, mchoro wa wingu la bomu unafuata baada ya tarehe ile. Gemu za Tactics na Brotherhood of Steel, kwa upande mwingine, hazitegemewi katika historia rasmi zaidi ya vipande vichache.

Sevu yangu ya gemu moja inaweza kuhamia nyingine?

Hapana, hakuna Fallout inayosoma sevu ya nyingine. Kinachokaribia ni modi ya mashabiki, Tale of Two Wastelands, inayounganisha Fallout 3 na New Vegas katika kompyuta: unamaliza Washington, unapanda treni, unafika Mojave ukiwa mtu yule yule. Inahitaji nakala halali za zote mbili na nyongeza zake zote. Kwa Fallout 4 kuna Fallout: London ya Julai 2024, ambayo ni gemu nzima ya bure juu ya ile ya Bethesda, nayo inataka nyongeza zote ziwepo kabla hujaianza.